Nimekutuma, Hujaleta: Prosija na Fanksheni katika Programu za Tarakilishi

Natumai jarida hili limekukuta umekwisha kutua mzigo wa mitihani, maana makala haya yana hesabu ndani yake. Usiyakimbie. Najua wapo watakaouliza, "Mambo ya tarakilishi yametafuta nini katika jarida la Chama cha Kiswahili?" Jibu ni kwamba kisa chenyewe kilizuka katika chama hiki hiki, na waliodhulumiwa ni wanachama wenzetu. Aliyewadhulumu ni mimi.

Ilikuwa mwaka 2024, nami nikiwa Kidato cha Tatu. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa ameinamia meza, kikokotoo mkononi, akijumlisha alama za Kidato cha Pili, mikondo mitatu. Kama ujuavyo, Kiswahili kina karatasi tatu: Insha alama 40, Lugha alama 80, Fasihi alama 80. Jumla ni 200, unagawa kwa mbili upate asilimia. Shuleni kwetu hata Kidato cha Pili kilitahiniwa kwa mtindo huo. Nikamwambia, "Mwalimu, mimi nasoma somo la tarakilishi. Niache nikuandikie programu ya kazi hii." Akaniangalia juu ya miwani yake, akasema, "Haya kijana, tuone." Nami nikaondoka kifua mbele, kumbe sikujua niliyojitwika.

Niliiandika kwa Visual Basic 6, lugha iliyotolewa na kampuni ya Microsoft mwaka 1998, ambayo ingali katika tarakilishi za maabara yetu. Ni ajuza, lakini ajuza anayejua kufunza. Unachora fomu kwenye skrini, unaweka visanduku vya kuandikia, lebo za kuonyesha majibu, na vitufe vya kubonyeza. Ukibofya kitufe mara mbili unafunguliwa mahali pa kuandika amri zitakazotekelezwa kitufe kikibonyezwa. Mimi niliweka vitufe vinne: Kokotoa, Hifadhi, Chapisha na Orodha. Hicho cha mwisho kilitoa majina ya wote waliopata B+ kwenda juu, kwani hao ndio ambao wangekwenda kwenye kongamano la Kiswahili.

Gredi ziko 12, kuanzia A hadi E. Kwa hiyo chini ya kitufe cha Kokotoa niliandika ngazi ndefu ya masharti: ikiwa alama ni 80 au zaidi, basi A, ikiwa ni 75 au zaidi, A-, ikiwa ni 70 au zaidi, B+, 65, B, na kuendelea hadi chini kabisa. Mistari ishirini na kitu. Nilipofika kwenye kitufe cha Hifadhi nikagundua nacho kinahitaji gredi. Nikafanya nini? Nikanakili ngazi yote nikaibandika pale. Chapisha, nikabandika. Orodha, nikabandika. Ngazi nne, zote sawasawa ja pacha. Programu ikafanya kazi, Mwalimu akafurahi, nami nikatembea siku mbili nikiitwa "injinia".

Siku ya tatu Mwalimu akaja. Karatasi ya Lugha ilikuwa imekuwa ngumu, kwa hiyo idara iliamua kuteremsha mizani kwa alama mbili: A ianze 78, A- ianze 73, B+ ianze 68, hivyo hivyo hadi chini. "Ni kazi kubwa?" akauliza. "Dakika tano tu, Mwalimu." Nikabadilisha Kokotoa, nikabadilisha Hifadhi, nikabadilisha Chapisha. Kengele ya chakula ikalia.

Orodha ilichapishwa Ijumaa. Basi likaondoka Jumamosi alfajiri. Jumatatu, wakati wa mapumziko, akanijia msichana mmoja wa Kidato cha Pili akiwa na ripoti yake mkononi. Alikuwa na alama 69, na alikuwa amekariri shairi lake kwa wiki nne. Akaniambia kwa upole, "Kaka, hapa nimeandikiwa B+. Mbona jina langu halikusomwa?" Nilikwenda maabara nikafungua programu. Kitufe cha Orodha kilikuwa bado kinatumia mizani ya zamani, ambapo 69 ni B. Wanafunzi wanne wenye 68 na 69 waliachwa nyuma.

Mwalimu wa somo la tarakilishi hakunigombeza. Aliuliza maswali mawili tu. "Ulinakili mara ngapi?" Nikasema mara nne. "Ukabadilisha mara ngapi?" Nikanyamaza. Ndipo akavuta kiti, akanieleza habari za prosija na fanksheni, nami nakueleza wewe.

Chukulia uko nyumbani na una ndugu mdogo wa kumtuma. Ukimwambia, "Fagia uwanja," atakwenda, atafagia, atarudi mikono mitupu. Humdai kitu, ulichotaka ni uwanja uwe safi. Hiyo ndiyo prosija. Lakini ukimpa noti ya shilingi mia mbili na kumwambia, "Nenda dukani ukaniletee unga," hapo unangoja. Akirudi mikono mitupu, umeula wa chuya, kwa sababu maana yote ya safari ilikuwa ni kile atakachokuja nacho. Hiyo ni fanksheni. Zote mbili ni kazi uliyoipa jina, ukaiandika mahali pamoja, ukawa unaiita kwa jina lake kila unapoihitaji. Tofauti ni kwamba fanksheni hurudi na jibu mkononi, prosija hairudi na kitu. Katika Visual Basic prosija huanza kwa neno Sub na fanksheni kwa neno Function.

Na hapa kuna jambo lililonichekesha. Ule ukumbi unaofunguliwa ukibofya kitufe mara mbili, wenye Private Sub juu na End Sub chini, huo wenyewe ni prosija! Nilikuwa naandika prosija tangu siku ya kwanza bila kujua, isipokuwa ni prosija inayoitwa na kidole cha mtu kwenye kitufe. Nilichokuwa sijui ni kwamba naweza kutunga zangu na kuziita mwenyewe.

Tazama sasa ngazi yangu ilipogeuzwa kuwa fanksheni. Nimekata katikati ili nisikuchoshe:

Function Gredi(alama)
    If alama >= 78 Then
        Gredi = "A"
    ElseIf alama >= 73 Then
        Gredi = "A-"
    ElseIf alama >= 68 Then
        Gredi = "B+"
    (gredi nyingine zinafuata hapa)
    Else
        Gredi = "E"
    End If
End Function

Neno "alama" lililo kwenye mabano ni ile noti ya dukani: ni kitu unachomkabidhi unayemtuma. Jina la fanksheni lenyewe, Gredi, ndilo kikapu cha kurudishia jibu. Popote ndani unapoandika Gredi = "B+", umetia unga kikapuni. Wengi wetu husahau hapa. Mtu anahesabu vizuri kabisa, jibu analihifadhi katika jina jingine, halafu anashangaa fanksheni inarudisha utupu. Nimekutuma, hujaleta!

Asilimia nayo ikapata fanksheni yake:

Function Asilimia(insha, lugha, fasihi)
    Asilimia = Int((insha + lugha + fasihi) / 2 + 0.5)
End Function

Na kitufe cha Kokotoa, kilichokuwa na mistari zaidi ya thelathini, kikabaki hivi:

Private Sub kitufeKokotoa_Click()
    jumla = Asilimia(Val(sanduku1), Val(sanduku2), Val(sanduku3))
    lebo1 = jumla
    lebo2 = Gredi(jumla)
End Sub

Soma tena mstari wa kwanza. Utaona Val, nayo ni fanksheni, ila hii hukuiandika wewe; imekuja na lugha. Kazi yake ni kugeuza maandishi yawe nambari. Usiidharau. Kilicho ndani ya kisanduku cha kuandikia ni maandishi, hata kama umeandika 30, na ishara ya kujumlisha ikikutana na maandishi hayajumlishwi bali yanaunganishwa. Mimi nilipoisahau, mtu mwenye 30, 50 na 60 alijumlishiwa 305060, ikagawanywa kwa mbili, na skrini ikanitangazia kwamba amepata asilimia 152,530. Darasa zima lilicheka hadi machozi. Jibu la haki lilikuwa 70.

Na ile Int yenye 0.5 je? Hiyo ina kisa chake. Kwa vile tunagawa kwa mbili, nusu alama ni nyingi mno katika Kiswahili: kila jumla isiyogawika kwa mbili huacha nusu. Nilitaka nusu ipande juu, kama tulivyofunzwa katika Hisabati, kwa hiyo mwanzoni nilitumia fanksheni ya lugha yenyewe iitwayo Round. Mwenye 67.5 akapewa 68. Sawa. Mwenye 68.5 akapewa 68 pia. Heh! Nikadhani tarakilishi inaumwa. Kumbe Round ya Visual Basic, nusu ikiwa kamili, huelekea kwenye nambari shufwa iliyo karibu, wala si juu siku zote. Si kosa, ni desturi inayotumiwa ili nusu zisije zote zikapanda na kuvimbisha jumla ya hesabu. Lakini si desturi ya idara yetu. Int hukata desimali, kwa hiyo ukiongeza 0.5 kwanza, 68.5 inakuwa 69.0 na 68.4 inakuwa 68.9, ambayo hukatwa ikawa 68. Nilirekebisha jambo hili katika mstari mmoja, na vitufe vyote vinne vikapona kwa pamoja. Laiti ningekuwa bado na nakala nne, sijui ningesahau ipi safari hiyo.

Sasa prosija. Baada ya kuhifadhi alama za mwanafunzi mmoja, visanduku vyapaswa kufutwa na kishale kirudi kwenye kisanduku cha kwanza kumngoja mwingine. Hapa hakuna jibu la kungojewa, kwa hiyo:

Sub SafishaFomu()
    sanduku1 = ""
    sanduku2 = ""
    sanduku3 = ""
    lebo1 = ""
    lebo2 = ""
    sanduku1.SetFocus
End Sub

Mabano ni matupu kwa kuwa kufagia uwanja hakuhitaji noti. Kuiita ni kuandika SafishaFomu peke yake kwenye mstari, basi. Kuna nyingine, kama MsgBox, inayotokeza kijisanduku cha ujumbe, ambayo inakubali kutumwa kwa njia zote mbili. Ukitaka tu kusema "Imehifadhiwa" unaiita kama prosija. Ukitaka kuuliza "Una hakika unataka kufuta?" unaiita kama fanksheni, nayo inakurudishia nambari: 6 mtu akibonyeza kitufe cha ndiyo, 7 akibonyeza cha hapana.

Wazo hili si la jana. Mnamo Mei 1949 huko Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, tarakilishi iliyoitwa EDSAC ilianza kazi chini ya Maurice Wilkes. Programu zilitobolewa kwenye tepu za karatasi. Wilkes anasimulia katika kumbukumbu zake jinsi ilivyomjia ghafla kwamba sehemu kubwa ya maisha yake yaliyobaki itapotea katika kutafuta makosa ya programu zake mwenyewe. (Nilipolijua hilo nilijisikia nina ndugu.) Basi wakaanza kuweka maktaba ya vipande vya programu vilivyokwisha kujaribiwa, ili mtu asiandike upya kilichoandikwa. Lakini palikuwa na fumbo: mashine ikitumwa kwenda kutekeleza kipande fulani, itajuaje irudi wapi ikimaliza, ikiwa kipande hicho kinaitwa kutoka sehemu nyingi? Kijana aliyekuwa akisomea shahada yake hapo, David Wheeler, alibuni njia: kabla ya kuondoka, mashine inabeba anwani ya mahali ilipotoka, na kipande chenyewe kinaitumia kujitengenezea amri ya kurudi. Ni sawa na kumtuma mtoto wa jirani huku ukimkumbusha ni mlango gani aje kubisha. Mwaka 1951 Wilkes, Wheeler na mwenzao Stanley Gill wakatoa kitabu juu ya jinsi ya kuandaa programu kwa namna hiyo. Baadaye, mwaka 1970, Niklaus Wirth wa Uswisi alitoa lugha ya Pascal, ambayo walimu wengi waliitumia kufundishia, na ambamo prosija na fanksheni zina maneno mawili mbalimbali kama ilivyo katika Visual Basic. Lugha ya C haitenganishi. Kwake zote ni fanksheni, ila nyingine hazirudishi kitu.

Turudi nyumbani, kwa maana sijamaliza kuungama. Muhula uliofuata mitihani ilikuwa migumu tena. Safari hii Mwalimu alisema tusiguse mizani, irudi 80, 75, 70 kama zamani, ila kila mtu aongezwe alama mbili wakati wa kutafuta gredi tu. Alama zenyewe zihifadhiwe kama zilivyo. Rahisi, nikasema. Mwanzoni mwa fanksheni ya Gredi nikaongeza mstari mmoja: alama = alama + 2. Nikajaribu mtu mwenye 72. Skrini ikaonyesha 72 na B+, kwa kuwa 74 ni B+. Vizuri. Nikahifadhi. Nilipofungua faili nikakuta ameandikiwa alama 76 na gredi A-.

Nilikaa na jambo hilo siku mbili. Mwalimu wa tarakilishi ndiye aliyenifumbua macho kwa mfano wa cheti cha kuzaliwa. Ofisini wakikuitisha cheti, hupeleki kile halisi wakaanza kukichorachora. Unapeleka fotokopi, nacho halisi kinabaki nyumbani. Visual Basic 6, usipoiambia vingine, haipeleki fotokopi. Inapeleka cheti chenyewe. Niliposema Gredi(jumla), fanksheni ilishika "jumla" halisi, ikaiongeza mbili, ikanirudishia imekwisha kuchorwa. Na kwa vile kitufe cha Hifadhi kiliita Gredi mara mbili, mara moja kwa skrini na mara moja kwa faili, alama ziliongezwa mara mbili: 72 ikawa 74, 74 ikawa 76. Gredi ya skrini ikawa ya 74 na ile ya faili ikawa ya 76.

Dawa ni neno moja. Mbele ya jina "alama" ndani ya mabano andika ByVal, yaani peleka nakala. Tangu hapo fanksheni inaweza kuchora itakavyo, cheti chako kiko salama kabatini. Microsoft wenyewe walibadili desturi hii katika toleo jipya la Visual Basic lililotoka mwaka 2002, ambamo nakala ndiyo kawaida na ukitaka kupeleka halisi ni lazima useme. Kwa hiyo wewe unayesoma kitabu kilichoandikiwa toleo jipya huku maabara ina lile la zamani, jihadhari. Mfano wako utafanya kazi kitabuni na kukuaibisha maabarani.

Nina neno moja kwa wanachama wenzangu wa Kiswahili, na hapa sarufi yetu inafaa kuliko mnavyodhani. Prosija ni amri, basi ipe jina la kitenzi cha kuamuru: Safisha, Chapisha, Hifadhi. Fanksheni ni jibu, basi ipe nomino: Gredi, Asilimia, Wastani. Na fanksheni inayojibu ndiyo au hapana, ipe kitenzi kamili chenye nafsi na wakati. Nimetunga moja iitwayo Amefuzu. Nikiandika If Amefuzu(jumla) Then, hata mwenzangu asiyesoma somo hili anaelewa kinachoulizwa. Hili limenisaidia sana katika mradi wangu wa KCSE, maana majina ya namna ya Sub1 na Sub2 nisingeyakumbuka baada ya wiki moja, sembuse mtahini asiyenijua.

Wanaouliza ni lini kipande kinastahili kuwa prosija au fanksheni, mimi hutumia kipimo cha vidole. Vidole vikianza kuelekea kwenye kunakili na kubandika, nasimama. Kuna wanaosema kila prosija isizidi mistari kumi. Mimi naona hayo ni madoido. Ngazi ya gredi ina mistari ishirini na kitu na haina ubaya wowote, ilimradi iwe moja.

Mwaka 2025 niliombwa tena kutoa orodha ya kongamano. Kitufe cha Orodha kina mistari michache sasa, na ndani yake gredi inatajwa mara moja tu, kwa jina. Hata hivyo nilikaa na karatasi nikalinganisha jina kwa jina na skrini kabla ya kumpelekea Mwalimu. Yule msichana, aliyekuwa Kidato cha Tatu wakati huo, alisimama mlangoni mwa maabara akingoja nimalize. Jina lake lilikuwa la tisa.